Uzoefu wangu: draya ya mtumba (mashine ya kukausha nguo) iligoma kutoa joto, na fundi wa Mwanga, Kigoma, aliyeiokoa

Naanza na maksi kabisa ili mwenye haraka asichoke: mashine nyota nne, fundi wa hapa Mwanga tano, na yule jamaa aliyenifungia bomba la hewa simpi hata moja.

Ni draya ya mtumba kutoka Uingereza, ile aina inayotoa hewa ya moto nje kwa bomba, niliinunulia Dar ikaja Kigoma kwa basi. Uzuri wa za Uingereza plagi ni hii hii yetu ya miguu mitatu minene na umeme wao unaendana na wetu wa volti 230, huhitaji transfoma, sio zile za Japani za volti 100 ambazo ukizichomeka kichwa kichwa mnaagana hapohapo. Kwa nini draya wakati jua lipo? Njoo Kigoma mvua zikianza Novemba mpaka huko Aprili, uwe na watoto wa shule wenye sare moja moja, utanielewa. Nguo inakaa kwenye kamba mpaka inatoa uvundo, na ukiishi karibu na Kibirizi, kwenye mwalo wa dagaa, hata kiangazi inaingia ndani inanuka dagaa.

Ilikuwa inapiga kazi vizuri tu, alafu umeme ukakatika katikati, mashuka yamo ndani yana moto. Uliporudi nikawasha, dramu linazunguka, linanguruma kama kawaida, ila hewa baridi. Baridi kabisa. Nikaenda kuangalia luku (mita ya umeme), yetu ni ya zamani iko ukutani kibarazani, maana hita ikiwaka ile taa nyekundu inapepesa haraka haraka mpaka roho inauma, siku hiyo inapepesa mara moja unasubiri weee ndo inapepesa tena. Kwaiyo mota inakula umeme, hita hali.

Fundi wa kwanza alikuja na testa ya bisibisi tu, akafungua nyuma akasema themostati imekufa, anaunga moja kwa moja, nimpe elfu kumi yaishe. Nikakataa. Hicho kidude ndo kinachozima hita joto likizidi, ukikiruka siku hewa ikiziba hamna wa kuizima, na mle ndani yamejaa manyoya ya nguo yanayoshika moto upesi sana. Akaona mi mjuaji, akaomba hela ya boda akaondoka.

Wa pili ni kijana anatengeneza friji na majiko ya umeme karibu na soko la Mwanga, haongei sana. Huyu kabla hajashika bisibisi akauliza, "Mama, ilizima yenyewe au umeme ulikatika?" Nilipomjibu akatikisa kichwa kama ashajua. Akachomoa plagi, akaisogeza kutoka ukutani, akafungua mfuniko wa hita nyuma, multimita (kile kipimo cha umeme) akaiweka kwenye mlio, ikilia ujue njia ya umeme haijakatika. Hita yenyewe ikasoma omu 23, nzima (akanipigia na hesabu, 230 gawanya kwa 23 ni ampea 10, zidisha kwa 230 unapata wati 2300, na kweli ndo iliyoandikwa kwenye kibandiko). Juu ya boksi la hita kuna themostati mbili ndogo kama vifungo vya koti, moja ikalia, ya pili kimya. Hiyo ya kimya ndo ya usalama, ikishakatika hairudi yenyewe. Akasema umeme ukikatika feni inasimama lakini koili bado nyekundu, joto linakosa pa kwenda linaikata.

Wengi wangeishia hapo, wabadilishe, wachukue hela. Yeye akasema hewa ikipita vizuri mara nyingi hiyo themostati inavumilia hata umeme ukikatika, ngoja nione bomba. Sasa yule jamaa badala ya kutoboa ukuta alilipitisha juu darini, likalala kwenye mbao, likabonyea katikati. Lilivyochomolewa likamwaga maji machafu na tope la kijivu la manyoya hadi kwenye kapeti langu, karibu nusu ya njia imeziba. Mvuke ulikuwa unapoa kule juu unageuka maji, manyoya yananasa, hewa inarudi nyuma. Ndo maana siku za karibuni nguo zilikuwa zinachelewa kukauka nami nalaumu umeme mdogo. Umeme mdogo nao upo, tusidanganyane, tangu tuingie gridi ya taifa majenereta ya dizeli yakazimwa ni nafuu, ila kwetu jioni soketi ilisoma 205, na kwa volti hizo hita ya 2300 inatoa kama 1800 tu.

Spea Kigoma sikupata, zimetoka Kariakoo, themostati zote mbili zinauzwa pamoja na fundi akasisitiza zibadilishwe zote, elfu 38 na nauli ya basi juu. Ufundi elfu 30 pamoja na kutoboa ukuta, bomba sasa fupi limenyooka, nje kaweka wavu panya wasiingie. Joto limerudi, sare zinatoka zimekauka hadi kwenye mifuko. Ekstensheni yangu ya bei rahisi kaichomoa mwenyewe, ampea 10 muda wote huo itayeyuka.

Kwenye matumizi, mzigo mmoja unakula kama unit tatu, kwa 356 kila unit ni elfu moja na kitu, kwaiyo nawekea sare na mashuka, jinzi zinasubiri jua. Chujio la manyoya nalisafisha kila mzigo. Dakika za mwisho inapojipooza siigusi, na umeme ukikatika nafungua mlango natoa nguo zote nazitawanya, zisikae rundo la moto mle ndani.

Nyota niliyoikata ni ya spea, kila kidude mpaka Dar. Na sasa imeanza kulia kwi kwi ikizunguka, fundi anasema ni kile kigurudumu kinachokaza mkanda, nimeshaagiza, nasubiri basi.