Silinda hedi za Subaru yangu, fundi mchongaji wa Magomeni Mtwara

Jamani huyu fundi apewe maua yake. Impreza yangu naijenga mwenyewe uani hapa Shangani, nataka niingie nayo rali za ridhaa, sasa injini ya EJ20 ni boksa, silinda 4 zimelala kushoto na kulia kwahiyo hedi (vifuniko vya silinda) ziko 2, ukichonga moja kuusawazisha uso wake ukaacha nyingine mgandamizo haulingani. Kabla hajawasha mashine aliweka rula ya chuma juu ya hedi akaniita nione mwanga unavyopenya chini yake, yaani hedi imepinda, aisee ndo nikaelewa kwanini ilikuwa inachemsha kila siku! Bei 80,000 zote mbili. Kilichoniudhi kaniambia siku 4 zikawa 9, simu hapokei. Gasketi ya kuziba kati ya hedi na injini hana, niliagiza Dar ikaja na basi. Juzi imewaka, nimeenda Mikindani na kurudi, mshale wa joto umetulia kabisa.