Breki za diski kwenye gari la zamani: kipi ununue kwanza na kipi kisubiri

Wadau wengi wakipata gari la miaka ya 60 au 70 lenye breki za diski, cha kwanza wanachotafuta ni diski kubwa zenye matundu na kalipa za pistoni nne (kalipa ndio inayobana diski, pistoni zake zinasukuma pedi), yani kile kinachoonekana kwenye rimu. Mimi nasema anza upande wa pili kabisa. Hizi breki hazikuwa mbovu toka mwanzo, Jaguar C-Type ilishinda mbio za Le Mans mwaka 1953 ikiwa na diski za Dunlop, na 1955 Citroën wakaziweka mbele kwenye DS, gari la kuuzia watu wa kawaida, kwahiyo kilichochoka hapo ni mpira, mafuta na chuma kilichoshika kutu. Nimepanga kwa mfuatano wa kununua, na ukiishia namba tatu gari linasimama vizuri tu.

Namba moja ni hozi na mafuta ya breki, na hapa sibishani na mtu. Hozi ya mpira inaoza kwa ndani, ukiitazama nje unaiona nzima kumbe tundu limevimba limebaki kidogo sana, ukikanyaga presha inapita kwa nguvu ya mguu ila ukiachia mafuta hayarudi, kalipa inabaki imeng'ang'ania na gari linavuta upande mmoja. Kulipima piga jeki, weka stendi, mwenzako akanyage breki aachie, halafu zungusha gurudumu kwa mkono. Likigoma, legeza nati ya kutolea upepo kwenye kalipa: mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, presha ilikuwa imenaswa njiani, mara nyingi ni hozi. Ukitaka uhakika rudia zoezi ila safari hii legeza paipu pale inapoingia kwenye hozi, likiachia hapo basi tatizo liko huko juu, angalia masta silinda, ile silinda kuu inayosukuma mafuta ukikanyaga pedali. Likigoma hata nati ikiwa wazi, pistoni imekwama. Hozi mpya za mpira zinatosha kabisa, na zile zilizovikwa wavu wa chuma zinafanya pedali iwe ngumu kidogo unapokanyaga, ila chukua zenye ganda la plastiki juu maana wavu mtupu unakwangua kila unachogusa.

Mafuta, mimi ni DOT 4 (DOT ni daraja la mafuta ya breki, limeandikwa kwenye chupa). Yakiwa mapya yanachemka kuanzia 230°C, yakishanywa maji yanashuka hadi 155°C hivi, ndio maana yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hata kama gari halitembei. DOT 5 ni ya silikoni, haili rangi na hainywi maji, wenye magari ya kulaza wanaipenda, lakini pedali inakuwa laini na huruhusiwi kuichanganya na mengine, kwahiyo iweke tu kama unafungua mfumo mzima. Halafu DOT 5.1 sio silikoni, ni ndugu yake DOT 4, usichanganywe na namba. Na mwenye DS inayotumia mafuta ya kijani ya LHM asithubutu kuweka DOT yoyote, sili zote (mipira ya kuziba mafuta) zitakufa.

Namba mbili, seti ya sili na pistoni. Usitupe kalipa ya zamani bila sababu, mwili wake mara nyingi ni mzima, kinachokufa ni kromu ya pistoni inayoliwa vishimo na kuchana sili. Nunua pistoni za stenlesi, hapo umemaliza. Ile sili inafanya kazi mbili, inazuia mafuta na pia inajivuta ikairudisha pistoni nyuma ukiachia breki, kwahiyo ikikauka pedi hazirudi vizuri. Wakati wa kufunga paka mafuta ya breki masafi au grisi maalum ya breki, grisi ya kawaida inavimbisha mpira.

Tatu ni pedi. Za oganiki kwa matumizi ya kawaida: zinashika zikiwa baridi na hazili diski. Zenye chuma kidogo kama unashuka milima. Za mashindano achana nazo, zinataka joto kwanza ndo zishike, na wewe unazihitaji asubuhi unapotoka getini. Vumbi la pedi za zamani usilipulize na upepo, nyingi zilikuwa na asbesto, lowanisha ufute.

Nne, diski zenyewe. Unene wa mwisho umepigwa chapa kwenye diski nyingi, zimefika hapo badilisha, weka za kawaida zisizo na matundu. Safisha kutu kwenye habu (kitovu diski inapofungwa) kabla ya kufunga, sivyo pedali itatetemeka.

Tano ni masta silinda ya sakiti mbili, yani njia mbili za mafuta zinazojitegemea, lakini kama gari lako lina sakiti moja ipandishe kwenye orodha iwe namba mbili, kwa sababu hozi moja ikipasuka umebaki na hendibreki tu. Marekani waliifanya lazima kwa magari madogo toka 1968.

Sita, servo, kile kisaidizi cha breki kinachotumia mvuto wa hewa (vakyum) wa injini. Inapunguza nguvu ya mguu tu, na injini yenye kamshafti kali (ya kimashindano) haitoi vakyum ya kutosha kuiendesha.

Mwisho kabisa ndo seti ya diski kubwa. Kabla hujalipa muombe muuzaji mchoro wa kalipa kwa vipimo halisi, ukate kwenye boksi gumu ujaribishe ndani ya rimu yako, za inchi 13 na 14 nyingi hazipokei. Muulize pia masta silinda ya kipenyo gani inahitajika, maana pistoni kubwa zinataka mafuta mengi na pedali itazama, na kama inahitaji valvu ya kugawa presha mbele na nyuma. Akishindwa kukujibu hayo, hela yako ibaki mfukoni.