Jumba la Magwiji la Canton kwa Jicho la Mpenzi wa Mikwaju

Pro Football Hall of Fame ni jumba la kuwaenzi magwiji wa futiboli ya kulipwa ya Kimarekani. Lilifunguliwa mwaka 1963 katika mji wa Canton, jimbo la Ohio, na wengi wanaolizuru huenda kuwaona makwotabeki, yaani wachezaji wanaorusha pasi na kuongoza mashambulizi, na wakimbiaji ambao majina yao yanajulikana hata kwa watu wasioufuatilia mchezo huu. Mimi nilikwenda kwa ajili ya wapiga mikwaju, na hasa kwa ajili ya mmoja wao, Morten Andersen, Mdenishi aliyecheza misimu 25 katika NFL, ligi kuu ya mchezo huu, na ambaye hadi leo hakuna aliyemfikia kwa idadi ya mechi. Kwa hiyo tathmini yangu inalipima jumba hili kwa swali moja tu: je, mtu anayetaka kuyaelewa mafanikio ya mpiga mikwaju ataondoka Canton akiwa ameridhika? Naamini ataridhika, mradi awe amefika huku akiijua mikwaju waliyoikosa sawasawa na ile waliyoifunga.

Kwa msomaji asiyeifahamu kazi yenyewe, ni vyema nieleze kwa ufupi. Timu inaposhindwa kuufikisha mpira katika eneo la mwisho la wapinzani, humwita mchezaji mmoja aupige kwa teke upite kati ya milingoti miwili na juu ya mtambaa panya, jambo linaloipa timu pointi 3. Milingoti hiyo imeachana kwa futi 18 na inchi 6, yaani chini kidogo ya mita 6, na mtambaa panya uko futi 10 kutoka ardhini. Mwenzake mmoja huurusha mpira nyuma kwa kuupitisha katikati ya miguu yake, mwingine huudaka akiwa amepiga goti na kuusimamisha, na mpigaji huwa na muda unaozidi sekunde moja kwa kiasi kidogo tu kabla wapinzani hawajamfikia. Mchezaji huyu anaweza kukaa pembeni karibu mechi nzima, kisha akaitwa zikiwa zimebaki sekunde chache, na hapo kazi ya wenzake wote ikawa juu ya mguu wake.

Canton haikuchaguliwa kwa bahati. Ligi iliyokuja kuitwa NFL iliasisiwa katika mji huu mwaka 1920, na mgeni akiingia hulakiwa na sanamu ya Jim Thorpe, mwanamichezo mashuhuri aliyekuwa rais wa kwanza wa ligi hiyo. Wengi humkumbuka Thorpe kama mkimbiaji, ilhali alikuwa pia hodari sana wa kupiga mpira kwa mguu, kwani enzi zake hakukuwa na mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo peke yake. Nilifurahi kwamba ziara yangu ilianza na yeye.

Moyo wa jumba ni ukumbi wa sanamu za shaba, ambamo kila gwiji ana sanamu ya kichwa na mabega, na sanamu zimepangwa kwa mwaka ambao kila mmoja aliingizwa. Mpangilio huo wa miaka ndio ulionifundisha zaidi ya kitu kingine chochote nilichokiona siku ile. Lou Groza wa Cleveland Browns yuko katika kundi la mwaka 1974, na George Blanda katika kundi la mwaka 1981. Wote wawili walikuwa wapigaji wakubwa, lakini Groza alikuwa pia mlinzi katika safu ya mbele ya mashambulizi na Blanda alikuwa kwotabeki. Kila mmoja alikuwa na kazi ya pili ya kumtetea mbele ya wapiga kura. Mtu wa kwanza kuingizwa kwa sababu ya mikwaju peke yake ni Jan Stenerud, na yeye humkuti mpaka ufike mwaka 1991.

Stenerud alizaliwa Norway na kwenda Marekani kusoma katika Chuo Kikuu cha Montana State kwa ufadhili wa mchezo wa kuteleza kwenye theluji. Alipofika hakuwa mchezaji wa futiboli kabisa. Aliingia Kansas City Chiefs mwaka 1967, na katika Super Bowl IV, fainali ya ubingwa iliyochezwa New Orleans Januari 1970, alifunga mikwaju mitatu ya mwanzo, mmoja wao wa yadi 48, na kuipa timu yake pointi 9 kabla Minnesota Vikings hawajapata hata moja. Chiefs walishinda 23 kwa 7. Alipostaafu baada ya misimu 19 alikuwa na pointi 1,699, na mtindo wake wa kuujia mpira kwa pembeni na kuupiga kwa sehemu ya juu ya mguu kama wanavyofanya wachezaji wa soka, ambao Pete Gogolak alikuwa ameuanzisha kabla yake, ulikuwa umeshawashinda wale waliopiga kwa ncha ya kidole gumba.

Kutoka Stenerud nilitembea polepole kuelekea kwa Andersen, na ninamshauri kila mgeni afanye hivyo hivyo. Kati ya mmoja na mwenzake kuna miaka 26. Unapita makwotabeki, unapita mabeki, unapita makocha na wamiliki wa timu, kundi baada ya kundi, na mwaka 2014 unamkuta Ray Guy, ambaye kazi yake ilikuwa kuupiga mpira mbali ili kuwarudisha wapinzani nyuma, si kufunga pointi. Hadi ufike mwaka 2017 huoni mpiga mikwaju mwingine aliyeingizwa kwa kazi hiyo peke yake. Sijui njia bora zaidi ya kuonyesha jinsi mchezo huu ulivyowathamini watu ambao mara nyingi ndio wanaoongoza orodha ya wafungaji. Takwimu ningeweza kuisoma nyumbani, lakini kuutembea umbali ule kwa miguu yangu kuliniingia vingine.

Sanamu ya Andersen inapatikana katika kundi moja na Kurt Warner, LaDainian Tomlinson na Terrell Davis, na nilikaa hapo kwa muda mrefu. Alizaliwa Copenhagen mwaka 1960 na kufika Indianapolis akiwa mwanafunzi wa mpango wa kubadilishana wanafunzi, na ni huko, katika shule ya sekondari, alikoupiga mpira wa futiboli kwa mara ya kwanza. Miaka michache baadaye, akiichezea Michigan State, alifunga mkwaju wa yadi 63 dhidi ya Ohio State. New Orleans Saints walimchukua mwaka 1982 na akakaa nao misimu 13. Saints walipomwachia, alihamia kwa mahasimu wao Atlanta Falcons, na mwaka huo huo wa 1995 akawa mchezaji wa kwanza katika historia ya ligi kufunga mikwaju mitatu ya yadi 50 au zaidi katika mechi moja. Waliofungwa siku hiyo walikuwa Saints wenyewe.

Jumla yake ni mechi 382, mikwaju 565 iliyoingia kati ya 709 aliyopiga, mikwaju 849 ya pointi moja moja inayofuata tachidauni (timu inapoufikisha mpira katika eneo la mwisho), na pointi 2,544. Alipofikia kiwango hicho alikuwa amempita Gary Anderson, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyestaafu akiwa na pointi 2,434. Mechi yake ya mwisho aliicheza mwaka 2007 akiwa na umri wa miaka 47, umri ambao wenzake wengi walioanza naye walikuwa wameshatundika daluga miaka mingi nyuma. Hizi ni namba za kuheshimiwa, na zingetosha kumfikisha Canton. Hata hivyo, mtu akiziangalia peke yake hatamjua Andersen ni nani.

Ili kumjua ni lazima kurudi Desemba 1996, katika uwanja wa Jacksonville, mechi ya mwisho ya msimu. Falcons walikuwa nyuma kwa 19 kwa 17, na Andersen alihitaji kufunga mkwaju wa yadi 30, umbali ambao mpigaji wa kiwango chake huutumia kujipasha misuli moto. Akaukosa. Jacksonville Jaguars, timu iliyokuwa katika msimu wake wa pili tu, ikaingia hatua ya mtoano kwa sababu ya kosa lile. Miaka miwili baadaye, Januari 17, 1999, alisimama Minneapolis katika mechi ya kuamua bingwa wa NFC, mojawapo ya makundi mawili makubwa ya ligi, dhidi ya Vikings waliokuwa wameshinda mechi 15 kati ya 16. Upande wa pili alikuwepo yule yule Gary Anderson, ambaye msimu mzima alikuwa hajakosa hata mara moja: mikwaju 35 kati ya 35, na 59 kati ya 59 ya pointi moja. Zikiwa zimebaki dakika zipatazo 2, Anderson alipewa mkwaju wa chini ya yadi 40 ambao ungeimaliza kazi, naye akaukosa. Falcons wakasawazisha, mechi ikaenda muda wa nyongeza, na Morten Andersen akafunga kwa yadi 38. Atlanta 30, Minnesota 27, na Falcons wakafuzu kucheza Super Bowl kwa mara ya kwanza katika historia yao.

Wawili hao nawaheshimu kwa kiwango kilekile, na naamini aliyeukosa mkwaju siku ile hakuwa mpigaji dhaifu kuliko aliyeufunga. Ndiyo sababu nasema kwamba mafanikio ya mpiga mikwaju hayaeleweki bila makosa yake. Wiki mbili baada ya Minneapolis, huko Miami, Andersen huyo huyo alikosa mkwaju wa yadi 26 katika Super Bowl XXXIII, na mara baada ya hapo Denver Broncos wakafunga kwa pasi ya yadi 80. Falcons walilala kwa 34 kwa 19, na Andersen alistaafu bila kuwahi kuvaa pete ya ubingwa. Mkimbiaji aliyewasumbua Falcons usiku ule, akipata yadi 102, alikuwa Terrell Davis. Mpangilio wa jumba umewaweka katika kundi moja mshindi na mshindwa wa usiku ule, na kwangu hilo lilikuwa tukio kubwa la siku nzima, ingawa mgeni asiyeijua mechi yenyewe angepita bila kugeuza shingo.

Kuna jambo moja ambalo mtathmini wa haki hapaswi kulinyamazia. Sehemu kubwa ya kazi ya Andersen ilifanyika chini ya paa, New Orleans na kisha Atlanta, ambako hakuna upepo wala mvua, na asilimia yake ya mafanikio, 79.7, ipimwe kwa kuzingatia hilo. Mtu aliyempokonya rekodi ya pointi mwaka 2018, Adam Vinatieri, alimaliza na pointi 2,673 na mikwaju 599 kati ya 715, sawa na asilimia 83.8, na misimu yake kumi ya kwanza aliipigia New England Patriots katika baridi kali. Mkwaju wake wa yadi 45 wa Januari 2002 dhidi ya Oakland Raiders, uliopigwa juu ya theluji iliyokuwa ikianguka na kusawazisha mechi zikiwa zimebaki sekunde 27, ndio ninaouona kuwa mgumu kupita yote niliyowahi kuitazama. Wiki mbili baadaye alifunga kwa yadi 48 saa ya uwanja ikiisha, na Patriots wakatwaa Super Bowl yao ya kwanza kwa 20 kwa 17 dhidi ya St. Louis Rams. Nikilazimishwa kuchagua mmoja wa kupiga mkwaju wa mwisho katika hali ya hewa mbaya, nitamchagua Vinatieri. Nikitafuta mtu wa kudumu, aliyevuka vizazi vitatu vya wachezaji huku akibaki na thamani, nitamchagua Andersen.

Sanamu ya kichwa na mabega inaweza kuonekana kuwa namna isiyofaa ya kumkumbuka mtu aliyeishi kwa mguu wake. Nilipoingia nilidhani hivyo, na nilitamani kuona kiatu kabla ya uso. Tom Dempsey, aliyefunga kwa yadi 63 akiwa na Saints mwaka 1970 na rekodi yake ikadumu miaka mingi bila kuvunjwa, alizaliwa bila vidole vya mguu wa kulia na alivaa kiatu maalumu chenye ncha bapa. Hakuna shaba inayoweza kusimulia habari zake kama kiatu kile. Kwa Andersen, hata hivyo, nilibadili mawazo. Mguu wake ulikuwa na nguvu ile ile Jacksonville, Minneapolis na Miami. Kilichompeleka kutoka yadi 30 zilizokosewa hadi yadi 38 zilizofungwa kilikuwa kichwani, na wachongaji wamekiweka hapo ukitazame.

Kwa anayepanga ziara, Canton iko kusini mwa Cleveland, mwendo wa takribani saa moja kwa gari, na jumba linaonekana kutoka barabara kuu ya 77. Tenga siku nzima, maana saa mbili hazitoshi. Kabla ya kwenda, tazama dakika za mwisho za Jacksonville 1996, kisha mechi nzima ya Minneapolis. Ukishafika, msalimu Thorpe, anzia kwa Groza, simama kwa Blanda, kaa kidogo mbele ya Stenerud, halafu utembee miaka ile 26 bila haraka mpaka 2017. Hapo mtafute Andersen, kisha umtafute Davis.