Sampo mbadala ya Toyota IST niliyoifunga nyumbani

Sampo ya awali, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, ya Toyota IST yangu yenye injini ya 1NZ-FE, ilitobolewa na jiwe barabarani, nami nikanunua sampo mpya isiyo ya kiwandani katika duka moja la vipuri Kariakoo, Dar es Salaam. Bati lake ni zito kiasi cha kuridhisha, rangi imepakwa sawasawa, na nati ya kumwagia oili ilikuja na washa (pete ya kuzibia) yake mpya.

Kasoro yake si ndogo: ukingo ulikuwa umepinda kwenye pembe moja, na kwa kuwa sampo hii haina gasketi bali huzibwa kwa silikoni pekee, mwanya mwembamba tu unatosha kuleta uvujaji. Niliilaza juu ya kioo ili nione palipoinuka, nikapanyoosha taratibu kwa nyundo ndogo na kipande cha mbao. Kisha nilikwangua silikoni yote ya zamani kwenye injini, kazi iliyonichukua muda kuliko nyingine zote, nikapaka mstari mmoja usiokatika na kukaza bolti kidogo kidogo kwa spana namba 10, nikipokezana pande zote.

Gari lilikaa juu ya stendi imara, kwani kulala chini ya gari lililobebwa na jeki pekee ni kuhatarisha maisha. Niliiacha silikoni ikauke usiku kucha, ndipo nikabadilisha filta na kumimina oili lita 3.7.

Wiki sita zimepita bila tone kuanguka. Ningeinunua tena, ila ukingo ningeukagua dukani kabla ya kulipa.