App ya ramani: foleni inaziona, matuta haiyaoni

App yangu ya ramani kwa foleni iko vizuri kweli, inakuambia mapema na muda wa kufika haupishani sana, ila shida ni vichochoro. Ikiona taa zinachelewesha barabara kuu inakutupa mitaani, matuta kila baada ya nyumba mbili, watoto wanacheza, mbele unakuta kibao cha njia moja inabidi urudi rivasi. Na madereva wote wanapewa njia hiyohiyo, foleni inahamia huko! Ninachoipendea ni ile setingi ya kukwepa barabara za kulipia, maana tozo inabadilisha sana njia ya mtu, London walipoanza kutoza katikati ya jiji mwaka 2003 magari yanayoingia yalipungua. Kwenye app waweke na ya kukwepa matuta jamani. Nyota 3.