Tagi iliyoniuzia samaki wa kesho: uzoefu wangu

Nyota mbili. Ningetoa moja, ila ya pili ina sababu yake nitakayoieleza mbele, na huenda nikaiondoa kabla sijamaliza kuandika.

Mtandao wenyewe sitautaja, sina pesa ya wakili. Ni mmoja wa mitandao ile ya kuuliza maswali ya programu: unaandika swali, unalibandika tagi (vilebo vya mada), wanaofuata tagi hizo wanaliona, mwenye jibu anajibu. Kasi yake, sura yake, jinsi unavyofunguka kwenye simu, hayo mtajionea wenyewe. Mimi nimekuja na kitu kimoja tu kooni, tagi zake nyembamba, na mtu mmoja anayezilinda kama mahari ya dada yake.

Mimi ni fundi wa mifumo midogo midogo hapa Kisumu. Kwa wateja, nina duka la vifaa vya ujenzi, nina saluni mbili, na nina mama mmoja anayekaanga samaki upande wa Dunga. Mama huyu huuza mchana, lakini pesa yake yenyewe huingia usiku, watu wakitoka kazini na wengine wakitoka kunywa. Alitaka jambo moja: akiamka aone kwenye simu jana aliuza shilingi ngapi, kwa sababu alimshuku kijana anayemsaidia jioni kuwa na mkono mrefu.

Nikamwunganishia tili yake, namba anayolipiwa kwa M-Pesa, kupitia Daraja, ule mlango ambao Safaricom waliwafungulia waandishi wa programu. Mteja akiweka PIN na malipo yakipita, M-Pesa huirushia seva yangu taarifa: kiasi, namba ya risiti, na tarehe iliyoandikwa kwa tarakimu kumi na nne mfululizo, kuanzia mwaka mpaka sekunde, bila nafasi katikati. Wiki ya kwanza mambo yalikuwa shwari. Mvua ilikuwa ikimwagika kila jioni na mama alikuwa akifunga mapema. Wiki ya pili mvua ikakatika, na siku moja saa kumi na mbili asubuhi simu yangu ikalia.

"Nyathina," mwanangu, akasema, "hii mashine yako inaniuzia samaki wa kesho."

Nilidhani ananitania. Nikafungua ripoti nikiwa bado kitandani. Kweli tupu. Samaki walioliwa Jumanne usiku walikuwa wameandikwa Jumatano. Si wote, baadhi tu, na hilo ndilo lililonichanganya. Kumbe wakati huo yule kijana wa jioni alikuwa ameshatukanwa mbele ya wateja na kuambiwa atafute kazi kwingine, kwa sababu ya pesa za Jumanne ambazo hazikuonekana. Pesa zilikuwepo. Zilikuwa zimekaa Jumatano zikisubiri.

Basi nikaenda kuuliza. Mtandao huu unaruhusu tagi tatu tu kwa swali, hilo mlishike. Nilipoandika herufi nne za kwanza ukanipendekezea tagi ndefu kama jina la mwana wa mfalme. Kwa Kiswahili ningeiita majibu-ya-malipo-ya-M-Pesa-katika-PHP (PHP ni lugha ninayoandikia programu). Nikafurahi kama mjinga. Nikajiambia, kumbe kuna chumba kizima cha watu wenye shida yangu hii hii! Nikaibandika. Ya pili nikaweka ya toleo lenyewe la PHP ninalotumia, mpaka namba ya baada ya nukta. Ya tatu ikawa ya Daraja. Swali langu likawa limevaa suti na tai.

Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, kimya. Walioliona swali walikuwa saba, na naamini watano kati yao ni mimi mwenyewe nikirudi kuangalia kama kuna jibu. Kile chumba kizima kilikuwa na viti vitupu na balbu imeungua.

Siku ya tatu nikatoa ile tagi ya toleo, nikaweka PHP tupu, ile inayofuatwa na umati. Nikalala. Asubuhi nikakuta imeondolewa, ya toleo imerudishwa, na msimamizi ameniachia neno. Liliandikwa kwa Kiingereza, lakini matusi hayahitaji mkalimani: tagi ya jumla haihitajiki pale ambapo mahususi ipo, soma mwongozo kabla ya kutupotezea muda.

Kutupotezea. Sisi. Sisi akina nani? Yeye na wale saba, ambao watano ni mimi?

Nilikuwa na mama anayepiga simu kila asubuhi, nilikuwa na kijana wa watu aliyeitwa mwizi, bando langu lilikuwa linaelekea ukingoni, na mtu ambaye hakulisoma hata swali lenyewe amepata muda wa kulivua nguo na kulivisha nyingine. Mmewahi kumwona askari wa kanjo akimfukuza mama mboga kando ya barabara, eti soko liko kule ndani? Mama anajua soko liko wapi. Anajua pia wateja wanapita wapi. Basi mtandao wa maswali nao una kanjo wake.

Usiku ule nikairudisha PHP kwa kiburi. Maji ya ugali hayajachemka, jibu likaingia. Mtu simjui, sijui yuko nchi gani. Aliandika hivi, kwa ufupi: tarehe unayoletewa ni ya saa za kwenu, lakini seva yako inaisoma kana kwamba ni ya UTC, saa ya marejeo ya dunia iliyo nyuma yenu kwa saa tatu, ukija kuionyesha unaigeuza tena kuwa ya kwenu, unaongeza saa tatu ambazo hazipo. Unapoisoma, itajie Africa/Nairobi, jina la saa za kwenu. Mstari mmoja. Chini yake akauliza, kwa adabu kabisa, "Samahani, M-Pesa ni nini?"

Hapo nilicheka peke yangu jikoni. Mtu aliyenitibu haijui M-Pesa! Na kwa nini aijue? Ugonjwa haukuwa wa M-Pesa. M-Pesa ilileta tarehe safi. Ugonjwa ulikuwa wangu, wa PHP na saa, ugonjwa ambao mtu wa Peru anaweza kuupata kwa benki ya Peru. Saa tatu usiku ukiiongezea saa tatu unafika saa sita, siku inageuka. Kila aliyelipa baada ya saa tatu usiku alikuwa anahamishiwa kesho. Ndiyo maana wiki ya mvua hapakuwa na tatizo: saa tatu ilikuta jiko limeshazimwa.

Na hili ndilo linaloniudhi zaidi, hata kuliko yule kanjo. Tagi nyembamba inamtaka mgonjwa ajipime mwenyewe. Mimi ninayeuliza ndiye nisiyejua tatizo liko wapi, ningelijua nisingeuliza. Niliposhawishiwa niseme ni tatizo la majibu ya malipo ya M-Pesa, nilikuwa nimeshajiandikia cheti cha daktari, na cheti chenyewe ni cha uongo. Nikapelekwa wodi ambayo haina daktari wa ugonjwa wangu. Haina daktari yeyote, tuseme ukweli.

Nenda steji ya Kisumu umsikilize makanga wa gari la Busia. Anaita "Busia, Busia!" mpaka sauti inakwama. Ndani ya gari kuna wa Maseno, wa Luanda, wa Yala, wa Ugunja, na pengine mzee mmoja wa Sidindi. Hamna anayelalamika kwamba hakuitwa kwa kijiji chake. Sasa mpe makanga huyo msimamizi wangu amwambie aite tu "Sidindi, kwa njia panda, mbele kidogo ya kinu". Jua litamchwea gari likiwa na mzee mmoja.

Wakubwa wa kazi hii walishaliona jambo hili. Stack Overflow, ile iliyofunguliwa mwaka 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky, inakupa nafasi ya tagi tano, kwa hiyo hata ukiweka moja ya kijinga bado unabaki na nne za kuita watu. Kubuni tagi mpya kunataka uwe na alama 1,500, si kila aliyeamka na wazo. Tagi iliyokaa miezi sita na swali moja bila mwenzake hufagiliwa. Na kwenye Python, lugha nyingine ya programu, ushauri wao ni kwamba ukitaja toleo, iweke na ile ya Python yenyewe, kwa sababu huko ndiko waliko watu. Si malaika, wapo waliofungiwa maswali kule mpaka wakaapa kuacha kompyuta wakalime miwa. Lakini angalau mwembamba na mnene wanaruhusiwa kukaa benchi moja. Hawa wangu wameiga jengo, ngazi wakaiacha.

Mnataka kujua kilichofuata? PHP iliondolewa mara ya pili, na swali likapigwa kura ya chini. Jibu lilibaki, asante Mungu. Nikamwandikia msimamizi maneno ambayo mama yangu asingependa kuyasoma, nikayafuta, nikayaandika tena, bando likaisha. Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi. Nadhani alilala vizuri usiku ule.

Mama naye alipoona Jumanne imerudi Jumanne, hakumwomba kijana msamaha. Alimfungia mbuta mzima kwenye gazeti akamwambia apeleke nyumbani. Kijana bado yuko pale. Mimi nililipwa nusu, nusu nyingine nakula kidogo kidogo kwa samaki.

Hapo ningeishia, nyota moja, kwaherini. Lakini miezi kadhaa baadaye nikapata ujumbe kutoka kwa binti mmoja, mwanafunzi, yuko Maseno. "Kaka, umeniokoa." Alikuwa ameandika programu ya chama cha watu wa bodaboda, mchango wa kila siku kwa M-Pesa, anayechelewa anatozwa faini. Wanaume wazima walikuwa wakituma pesa saa nne usiku ndani ya siku yao, mashine inasema wametuma kesho, wanapigwa faini. Karibu wamfuate chuoni na pikipiki zao. Akalikuta swali langu, akanakili ule mstari, amani ikarudi.

Nilikaa nikafikiri. Kwenye PHP pekee, swali langu sasa lingekuwa limezama kama omena mmoja ndani ya gunia. Kwenye ile tagi ya ajabu kuna maswali machache mno, na langu liko juu juu pale, linaonekana. Kwa hiyo wakati wa kuita, tagi nyembamba ni bubu, lakini baadaye ni kama kabati dogo lenye funguo, mtu akija anapata kitu. Nikaanza hata kumwonea huruma yule msimamizi. Labda yeye anapanga kabati, mimi napiga kelele mlangoni nataka daktari, na kila mmoja wetu ana haki yake. Nikaandika nyota tatu.

Kisha nikamwuliza binti, "Ulinipata kwa ile tagi, sivyo?"

"Tagi gani, kaka? Niliandika tu kwenye Google kwamba malipo ya M-Pesa yanaingia siku ya kesho."

Ni kichwa cha swali kilichomleta. Kichwa, nilichokiandika mwenyewe kwa maneno ya yule mama! Nikatoa nyota mbili. Ila binti ni mkweli, akaongeza kwamba alipofika pale ndipo alipoiona tagi, akaibonyeza, akakuta maswali mengine manne, na moja lilimsaidia kwa jambo la risiti zinazoingia mara mbili. Sawa. Nyota moja imerudi. Ndiyo ile niliyowaambia mwanzoni.

Tangu hapo naifuata ile tagi, nadhani tuko watatu. Jana usiku simu ikalia: swali jipya. Mtu analia kwamba seva yake inapata taarifa ya malipo lakini hifadhidata inabaki tupu. Nikalisoma mara mbili. Si M-Pesa. Jina la safu kwenye jedwali lake lina herufi kubwa mahali alipoandika ndogo. Nikamjibu, na kwa roho safi nikamwongezea tagi ya PHP ili na wengine waje kumkagua zaidi yangu.

Asubuhi hii PHP haipo. Na mimi nimeachiwa neno: soma mwongozo.

Nyota moja.