Steps Recorder: kinasa makosa kilichojificha ndani ya Windows

Karibuni tena. Leo nina furaha na hasira, zote kwa programu moja. Ukimwandikia fundi "programu imegoma," hana pa kuanzia. Imegoma ulipobofya nini? Steps Recorder inamjibu bila wewe kujua neno hata moja la kifundi. Bei? Bure, imo kwenye Windows tangu Windows 7.

Shika kitufe cha Windows na R, andika psr, gonga Enter. Bofya Start Record, kisha rudia lile kosa polepole. Oneni: kila nikibofya inapiga picha ya skrini, inazungushia fremu ya kijani nilipobofya, na inaandika yenyewe nimegusa nini.

Sasa kitufe ninachokipenda, Add Comment. Tuseme ankara inaleta jumla ya sifuri. Nabofya Add Comment, navuta kipanya kuizungushia ile sifuri, naandika: "Hapa ilitakiwa 45,000." Fundi anataka kujua ulifanya nini, ulipata nini, ulitarajia nini. Mawili ya kwanza yamenaswa. La tatu unalijua wewe peke yako, na hapa ndipo pa kuliandika. Stop Record, hifadhi, unapata faili la ZIP la kumtumia fundi.

Kinachoniudhi ni picha 25. Inatunza 25 za mwisho tu, kwa hiyo ukibofya mara 40, picha za mwanzo zimekwenda, na mara nyingi chanzo cha kosa kiko huko. Ingia Settings uongeze idadi kabla ya kuanza. Ukiifunga programu inarudi 25, kwa hiyo ni kila mara!

Na mwaka 2023 Microsoft ikatangaza kuiachisha kazi, ikielekeza watu kwenye programu zake nyingine za kurekodi skrini: Snipping Tool, Game Bar na Clipchamp. Sikubaliani nao. Zile zikirekodi zinatoa video: zinakula bando, na fundi anaitazama yote kutafuta mbofyo mmoja. Game Bar hata File Explorer, lile dirisha la mafaili, hairekodi. Itumieni hii ingali ipo.

Kabla ya kutuma, fungua faili ukague picha moja moja. Maneno unayoyachapa haiyanasi, ila kilichoonekana kwenye skrini kimo chote, pamoja na meseji zilizokuwa wazi pembeni. Zifunge kwanza, ndipo ubofye Start Record.